Ukope Unaocheza na Mikono Yenye Sisimizi: Kuzisoma Dalili za Upungufu wa Magnesiamu

Kwa muda wa wiki 5 ukope wa jicho langu la kushoto ulikuwa ukicheza wenyewe, hasa jioni, na mara mbili tatu kwa wiki niliamshwa usiku na msuli wa shavu la mguu uliojikunja kama ngumi. Nikafanya wanachofanya wengi: nilisoma orodha ya dalili za upungufu wa magnesiamu, nikajiona humo mstari kwa mstari, nikanunua vidonge. Uchovu nilikuwa nao. Usingizi wa mang'amung'amu nilikuwa nao. Wasiwasi, nani hana? Siku 4 baada ya kuanza kumeza oksidi ya magnesiamu kwa kipimo nilichojipangia mwenyewe niliharisha, na ilinichukua muda kukiona kichekesho chake, kwa kuwa kuharisha kunakoendelea ni mojawapo ya njia za uhakika ambazo mwili hupotezea magnesiamu.

Nilipopimwa damu hatimaye, kiwango changu kilikuwa milimoli 0.84 kwa lita, katikati kabisa ya kiwango cha kawaida, ambacho maabara nyingi hukiweka kati ya takriban 0.75 na 0.95. Katika miezi hiyohiyo shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa na upungufu mkubwa ambao hakuna aliyeushuku, nami nikiwa miongoni mwao, ingawa nilikuwa nimeikariri orodha nzima ya dalili. Yeye hakulalamikia ukope wala usingizi. Alisema tu kwamba chakula hakina ladha, kwamba miguu imekuwa mizito, na siku moja akaniambia, "Mwanangu, mikono yangu inatembewa na sisimizi." Nilimjibu kwamba huenda ameulalia mkono vibaya.

Ninaandika kwa sababu ya umbali uliopo kati ya watu hao wawili. Aliyekuwa na dalili za kwenye orodha hakuwa na upungufu, na aliyekuwa na upungufu alikuwa na dalili ambazo, zikitazamwa mojamoja, zingeweza kuitwa uzee. Tangu hapo nimesoma sana juu ya jambo hili na kuwauliza maswali wataalamu waliomtibu, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba dalili za upungufu wa magnesiamu hazisomeki peke yake. Husomwa pamoja na swali la pili, ambalo orodha nyingi hulisahau: madini haya yangekuwa yanapotea kwa njia ipi?

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo katika mifupa, na karibu yote inayobaki imo ndani ya misuli na viungo vingine laini. Kilichomo katika majimaji ya damu hakifiki asilimia 1 ya jumla. Kazi zake ni nyingi kiasi kwamba kuzitaja zote ni kupoteza wakati, kwani vimeng'enya zaidi ya 300 huihitaji. Muhimu kwa habari yetu ni mbili. Kwanza, ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hufanya kazi yake ikiwa imeshikana na magnesiamu, na ndiyo maana upungufu huanza na udhaifu usio na mahali maalumu. Pili, magnesiamu hukaa kama bawabu kwenye milango ya seli za neva na misuli, ikiizuia kalsiamu isiingie ovyo na kuzuia baadhi ya vipokezi vya ubongo visisisimke bila sababu. Bawabu akiondoka, neva huanza kurusha ishara ambazo hakuna aliyezituma. Sisimizi wa shangazi walikuwa hao.

Dalili za mwanzo, kwa bahati mbaya, ndizo zenye thamani ndogo kuliko zote katika utambuzi: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, uchovu, udhaifu. Hakuna daktari duniani anayeweza kuzitazama hizo tano na kusema ni magnesiamu, kwa kuwa zinaweza kuwa mimba, malaria, huzuni, figo, dawa mpya, au wiki mbaya tu. Lakini zina umuhimu wa aina nyingine. Mtu aliyekosa hamu ya kula hula kidogo, na anayetapika hupoteza alichokula, kwa hiyo upungufu ukishaanza hujilisha wenyewe.

Hatua inayofuata ndiyo inayopaswa kumfanya mtu asimame. Ganzi na mchonyoto huanza kwenye ncha za vidole na kuzunguka mdomo. Misuli hukakamaa, na si ya mguu pekee: vidole vya mkono vinaweza kujikunja kuelekea kiganjani, kidole gumba kikiwa kimeingia ndani, na vikakataa kunyooka kwa dakika kadhaa. Mikono hutetemeka. Macho yanaweza kuchezacheza yenyewe, na hapa sizungumzii ukope bali mboni zenyewe zinazokwenda juu na chini bila mwenyewe kutaka. Baadhi ya watu hubadilika tabia, wakawa na hasira za ghafla, au wakazubaa kana kwamba wapo mbali. Upungufu ukizidi sana huja degedege, na mapigo ya moyo hupoteza mpangilio. Dalili hizi nzito kwa kawaida huonekana kiwango cha damu kikiwa kimeshuka chini ya milimoli 0.5 kwa lita, ingawa miili hutofautiana, na anayeshuka ghafla huumia zaidi ya anayeshuka polepole.

Kuna vipimo viwili vya zamani vya kitandani ambavyo daktari aliyemwona shangazi alivifanya mbele yangu, na sikuwahi kuviona kabla. Alimgonga kwa kidole shavuni, mbele kidogo ya sikio, mahali neva ya uso inapopita, na pembe ya mdomo ikaruka. Kisha akamfunga mkononi mkanda wa kupimia shinikizo la damu, akaujaza upepo hadi ukazidi shinikizo lake la juu, na akauacha hivyo kwa dakika 3. Kabla hazijaisha, kiganja kilijikunja chenyewe kama cha mkunga anayejiandaa kupokea mtoto. Kipimo cha kwanza kinabeba jina la František Chvostek, aliyekieleza mwaka 1876, na cha pili jina la Armand Trousseau, daktari Mfaransa aliyekitangulia kwa miaka kama 15. Vyote viwili huonyesha neva zilizochokozeka, aghalabu kwa sababu ya kalsiamu iliyoshuka. Cha shavuni si cha kutegemewa peke yake, kwa kuwa hata baadhi ya watu wazima wenye afya njema huruka mdomo wakigongwa hapo. Cha mkononi ni kizito zaidi. Nisingependa msomaji ajaribu nyumbani kujikaba mkono kwa dakika 3. Inauma, na matokeo yake hayana maana bila kipimo cha damu.

Kalsiamu imeingia hapa si kwa bahati. Jambo lililonivutia kuliko yote katika habari hii ni kwamba upungufu wa magnesiamu mara nyingi hujificha nyuma ya upungufu mwingine, na anayetafuta dalili zake mwilini anaweza kuzikuta kwenye karatasi ya maabara zikiwa na jina tofauti.

Shangazi alikuwa ameshapimwa damu mara mbili kabla ya hapo, mahali pengine, na mara zote mbili potasiamu ilionekana ipo chini. Akapewa potasiamu ya kunywa. Baada ya wiki 2 ilikuwa bado chini, akaongezewa. Haikupanda. Aliyemwandikia alidhani hanywi dawa, na nakiri kwamba hata mimi nilianza kuihesabu chupa. Kumbe ndani ya seli za mirija ya figo kuna milango ambayo potasiamu hutokea kuelekea kwenye mkojo, na magnesiamu ya kutosha ndani ya seli huibana milango hiyo. Ikipungua, milango hubaki wazi, na potasiamu inayomezwa asubuhi hukojolewa jioni. Ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Potasiamu isiyopanda hata ikiongezwa ni mojawapo ya ishara zilizo wazi kabisa za upungufu wa magnesiamu, na haionekani kwenye orodha za ukope na usingizi kwa sababu haihisiki.

Kwa kalsiamu njia ni nyingine lakini mwisho ni uleule. Tezi nne ndogo za parathiroidi shingoni hutoa homoni inayopandisha kalsiamu kwenye damu. Magnesiamu ikishuka sana, tezi hizo huchelewa kutoa homoni au hunyamaza kabisa, na hata homoni kidogo inayotoka haisikilizwi vizuri na mifupa wala figo. Kalsiamu hushuka, na kumpa mgonjwa kalsiamu peke yake hakumsaidii kwa muda mrefu. Maurice Shils, mtafiti wa Marekani, aliyathibitisha hayo kwa watu katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, ambapo washiriki wachache walilishwa kwa uangalizi mkali chakula kilichokuwa na kila kitu isipokuwa magnesiamu. Kalsiamu na potasiamu zao zilishuka ingawa walikuwa wakizipata chakulani, dalili za neva zikajitokeza kwa baadhi yao, na magnesiamu iliporudishwa mambo yakarejea. Nasoma habari ya watu wale kwa heshima kubwa. Sidhani ningekubali kukaa wiki nyingi nikingojea mikono yangu ianze kutetemeka.

Sasa lile swali la njia. Figo yenye afya ni bahili mno: kila siku huchuja takriban miligramu 2,400 za magnesiamu na kuirudisha karibu yote, ikiachia kiasi cha miligramu 100 hivi kutoka na mkojo, na mtu akila kidogo hupunguza hata hicho. Kwa sababu hiyo ni vigumu kwa mtu mzima mwenye figo na utumbo mzuri kufikia upungufu mkubwa kwa chakula hafifu peke yake. Ndiyo, watu wengi hula chini ya kiasi kinachopendekezwa, ambacho Marekani hukiweka kati ya miligramu 310 na 420 kwa siku kulingana na jinsia na umri, hasa pale nafaka inapokobolewa na kupoteza pumba na kiini, ambamo magnesiamu nyingi hukaa. Hata hivyo kula kidogo kuliko kinachopendekezwa na kuwa na mikono inayojikunja ni mambo mawili yaliyo mbali.

Anayefika kwenye dalili za kweli karibu kila mara ana tundu mahali fulani. Tundu linaweza kuwa utumboni: kuharisha kwa miezi, ugonjwa wa Crohn, ugonjwa wa seliaki, au utumbo uliokatwa sehemu kwa upasuaji. Linaweza kuwa kwenye figo: dawa za kuongeza mkojo, kisukari kisichodhibitiwa, ambapo sukari inayomwagika kwenye mkojo huburuta maji na madini pamoja nayo, au baadhi ya dawa nzito kama sisplatini ya kutibia saratani, amfoterisini ya kutibia fangasi wa ndani, na zile wanazopewa waliopandikizwa viungo ili mwili usivikatae. Pombe ina matundu yote kwa pamoja, kwa kuwa mlevi wa muda mrefu hula vibaya, hutapika, huharisha, na figo zake humwaga. Katika wote ninaowataja, huyu ndiye ambaye ningependa magnesiamu yake ipimwe bila kusubiri dalili. Mzee naye huingia kwa mlango mwembamba zaidi, kwa sababu utumbo wake hufyonza kidogo, figo zake hushika kidogo, na meza yake ina dawa nyingi.

Meza ya shangazi ilikuwa na mbili zilizokuwa zikimaliza kazi kwa kushirikiana. Alimeza kila asubuhi kidonge cha kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu, na kwa miaka 6 alikuwa akimeza omeprazo kwa ajili ya kiungulia ambacho hakumbuki tena kilikuwa kikali kiasi gani. Dawa za kundi la omeprazo hupunguza ufyonzaji wa magnesiamu utumboni kwa baadhi ya watu, kwa kawaida wakiwa wamezitumia zaidi ya mwaka 1. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili Machi 2011, na ndani yake kulikuwa na jambo ambalo natamani lingejulikana zaidi: katika takriban robo ya visa walivyovipitia, kuongeza magnesiamu peke yake hakukutosha, ikabidi dawa yenyewe isimamishwe. Kwa shangazi, dawa moja ilikuwa ikiizuia magnesiamu isiingie, nyingine ikifungua mlango wa nyuma itoke, na hakuna aliyeziona zikiwa pamoja, kwa kuwa ziliandikwa na madaktari wawili tofauti.

Kipimo cha damu nacho kina udhaifu wake, na hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili. Kwa kuwa sehemu ndogo mno ya magnesiamu imo kwenye majimaji ya damu, na mwili hujitahidi kuilinda sehemu hiyo kwa kuazima kutoka mifupani, mtu anaweza kuwa na akiba iliyopungua huku kipimo kikionekana cha kawaida. Wauzaji wa virutubisho hulipenda sana jambo hili, na hulitumia kumwambia kila mwenye kipimo kizuri kwamba kipimo kinadanganya. Ukweli ni kwamba kiwango kilichoshuka ni ushahidi wenye nguvu, na kiwango cha kawaida ni ushahidi wenye nguvu kidogo, ambao hupimwa kwa kuangalia kama mtu ana tundu au hana. Daktari mwenye shaka anaweza kupima mkojo wa saa 24. Damu ikiwa na upungufu na mkojo bado una magnesiamu nyingi, figo ndizo zinazomwaga. Mkojo ukiwa hauna kitu, figo zinabana kadiri ziwezavyo na tatizo liko utumboni au chakulani. Damu iliyochukuliwa vibaya hata chembechembe nyekundu zikapasuka hutoa jibu la juu kuliko ukweli, kwa sababu ndani ya chembe hizo magnesiamu ni nyingi kuliko nje. Vipimo vya nywele sivitilii maanani.

Vipi basi kuhusu ukope wangu na shavu la mguu? Ukope unaocheza kwa mtu mwenye afya kwa kawaida hutokana na uchovu, msongo wa mawazo na kafeini, na mimi wakati ule nilikuwa na vyote vitatu. Kukakamaa kwa misuli usiku ni kwa kawaida kabisa, hasa kadiri umri unavyosogea, na mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa matibabu, yaliyotolewa mwaka 2012 na kuhuishwa mwaka 2020, yaliona kwamba vidonge vya magnesiamu haielekei kuwa vinawapa watu wazima wenye umri mkubwa nafuu ya maana. Madoa meupe kwenye kucha, ambayo nayo hutajwa mara nyingi, aghalabu ni alama za kugongwa kidogo kwenye mzizi wa ukucha. Sisemi watu wanaotaja dalili hizi wanadanganya. Nasema dalili inayopatikana kwa kila mtu haiwezi kumtambulisha mtu.

Ningempeleka mtu hospitali siku hiyohiyo kama ana ganzi ya vidole na mdomo pamoja na misuli inayokakamaa, degedege, kuchanganyikiwa kusikoelezeka, au moyo unaoruka mapigo, hasa akiwa anatumia dawa nilizozitaja au amekuwa akiharisha kwa muda mrefu. Moyo ndio wa kuogopwa zaidi. Magnesiamu na potasiamu zikishuka kwa pamoja, kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuonyesha kwamba muda ambao moyo hutumia kujirejesha kiumeme baada ya kila pigo umerefuka, na kutoka hapo moyo unaweza kuangukia kwenye mwendo wa hatari ambao Wafaransa waliupa jina la torsades de pointes, kwa kuwa mistari yake kwenye karatasi hujisokota kama kamba. Dawa yake ya kwanza ni salfeti ya magnesiamu kupitia mshipa. Dawa hiyohiyo hupewa wajawazito wenye kifafa cha mimba, jambo linalowafanya wengine wadhani kifafa hicho ni upungufu wa magnesiamu. Sivyo, pale inatumika kama dawa, hata kwa mama ambaye kiwango chake ni kizuri.

Kwa asiye na tundu lolote na anayetaka tu kula vizuri, magnesiamu imejaa kwenye mboga za majani, mbegu, kokwa, jamii ya kunde na nafaka isiyokobolewa. Rangi ya kijani ya jani yenyewe hutokana na molekuli iliyobeba magnesiamu katikati yake. Ya chakula haina kikomo cha kuogopa kwa mwenye figo nzima. Ya vidonge ina kikomo: Marekani imeweka miligramu 350 kwa siku juu ya ile ya chakula, na Ulaya 250, kwa sababu ya kuharisha. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila ruhusa, kwani kwake hujikusanya hadi ikalegeza misuli na kushusha shinikizo la damu, na ikizidi hudhoofisha pumzi. Anayetumia vidonge vya tezi ya thiroidi, dawa za mifupa au baadhi ya antibiotiki aulize kwanza, maana magnesiamu huzishika dawa hizo tumboni zisifyonzwe.

Kiwango cha shangazi kilikuwa milimoli 0.38 kwa lita. Aliwekewa dripu polepole kwa siku 3, kwa sababu ikiingizwa haraka figo huona wingi wa ghafla na kumwaga karibu nusu yake kabla seli hazijapata. Potasiamu, ile iliyokataa kupanda kwa wiki nyingi, ilipanda siku ya pili. Kalsiamu ilichelewa siku kadhaa zaidi. Omeprazo ilisimamishwa na kidonge cha mkojo kikabadilishwa, na wiki 2 baadaye kipimo kilisoma 0.79 bila dripu. Mdomo ulikuwa umeacha kuruka. Alipoulizwa kuhusu mikono alisema sisimizi wameondoka wote isipokuwa mmoja, kwenye kidole kidogo cha kulia, na daktari akaandika hilo kwenye faili kama alivyolisema, akampangia kipimo kingine baada ya mwezi.